Mashine ya nukta nundu ya Perkins: mwaka mmoja na nusu darasani kwangu

Mashine hii ya kuandikia nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kugusa, ina uzito wa karibu kilo 5. Mwanafunzi anayeitumia alikuwa na kilo 24 alipopimwa mwezi ule ilipofika. Naanza na uzito kwa sababu ndio uliotusumbua kwanza: nani aibebe, aitoe wapi, aipeleke wapi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali mkoani Dodoma. Sikusomea elimu maalumu. Darasa langu la nne lina wanafunzi 71. Mmoja, msichana ambaye ndiye mwenye mashine, haoni kabisa, surua ilimchukua macho akiwa mdogo. Mwingine ana ualbino na uoni hafifu. Yupo anayetembelea gongo, na wapo watoto wa wafugaji walioanza shule wakiwa hawajui Kiswahili. Naandika kwa ajili ya walimu kama mimi, ambao siku moja wataletewa mashine ya namna hii ndani ya boksi, waletewe na mtoto, halafu asitokee wa kuwaeleza hivyo viwili vinakaaje pamoja darasani.

Yetu ni ile ya zamani, ya chuma, rangi ya kijivu. Haitumii umeme wala betri, jambo kubwa kwa shule ambayo umeme wake ni wa ofisini tu. Ina vitufe 9. Sita ni vya nukta, vitatu vya mkono wa kushoto na vitatu vya kulia. Katikati kuna cha kuacha nafasi, na kwenye pembe mbili kuna cha kushuka mstari na cha kurudi nyuma. Unabonyeza kwa pamoja vitufe vya nukta unazotaka, herufi nzima inatoka kwa mpigo mmoja. Ukurasa wake mkubwa unaingia mistari 25, kila mstari nafasi 42. Aliyeibuni ni David Abraham, mwalimu wa useremala katika shule ya wasioona ya Perkins, Massachusetts, Marekani, na ilianza kutoka kiwandani mwaka 1951. Ukiifunika na kuifunua kila siku kama mimi unaona kabisa kuwa ni kazi ya mtu aliyekaa na watoto. Hakuna kitu chembamba cha kuvunjika, na kila kinachohitajika kipo pale vidole vinapofika.

Kwa wiki saba za mwanzo ilikaa kabatini.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nami nilikuwemo. Ilipoletwa tuliitia saini kwenye daftari la mali za shule, tukaifungia ofisini isiharibike. Mtoto akitaka kuandika, mtu atumwe kuomba ufunguo. Mwenye ufunguo yuko kwenye kikao, au amekwenda halmashauri, na kipindi cha dakika 40 kinakwisha. Hatukuwa na nia mbaya hata mmoja wetu. Tulikuwa tunatunza mali. Lakini kwa wiki saba mtoto alikaa dawati la mbele mikono juu ya mapaja akisikiliza wenzake wakiandika, na mashine yake iko mita 60 kutoka pale, imefunikwa vizuri, haina hata mkwaruzo.

Kilichobadilisha mambo ni wanafunzi wenyewe. Siku moja nimeingia asubuhi nikaikuta mashine imekwisha kuwekwa juu ya dawati. Wavulana wawili wamekwenda kwa mwalimu wa zamu kabla ya mstarini, wakaiomba, wakaileta wakiishika huku na huku ndani ya mfuko wa salfeti. Hakuna aliyewatuma. Kuanzia siku hiyo tukapanga zamu ya kubeba, wawili wawili, majina yamebandikwa ukutani, na jina la mwenye mashine limo kwenye orodha kama wengine. Zamu yake ikifika anashika upande mmoja wa mfuko. Mwanzoni wasichana wa nyuma walitaka kumwondolea zamu hiyo, “yeye apumzike.” Alikataa, na mimi nikamuunga mkono.

Sasa niseme inafanya nini, maana hili ndilo la muhimu kuliko yote.

Kabla yake alikuwa anaandika kwa kibao cha vitundu na msumari wake. Kwa asiyekijua: unabana karatasi kwenye kibao, unatoboa nukta mojamoja, na kwa kuwa nukta zinatokea upande wa pili wa karatasi, unaandika kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi umeigeuza. Ukitaka kujua umeandika nini, toa karatasi, igeuze, soma, irudishe, tafuta tena pale ulipoachia. Ni chombo kizuri, ni chepesi, kinaingia mkobani, na ninasisitiza kila mtoto asiyeona akijue. Lakini katika imla alikuwa anaachwa sentensi mbili, tatu. Nikimsubiri wengine wanapiga kelele. Nisipomsubiri, karatasi yake inaishia njiani. Kwa hiyo nilikuwa namsahihisha kwa kumwuliza kwa mdomo, na kumpa alama ambazo, nikiwa mkweli, zilikuwa za huruma.

Mashine ya Perkins inainua nukta juu, palepale unapoandika. Mkono ukitoka kwenye kitufe unaweza kugusa neno na kulisoma karatasi ikiwa bado ndani. Mtoto anajisahihisha mwenyewe. Na kuna kengele ndogo inayolia mstari unapokaribia kuisha. Kengele hii sikuitilia maanani mwanzoni. Wiki ya tatu ya kutumia mashine nilikuwa nasoma imla, nimefika katikati ya sentensi ya nne, nikasikia kengele, kisha kishindo cha kushuka mstari, kisha kimya. Nikaangalia darasa: wengine wote vichwa viko chini, bado wanaandika. Yeye amemaliza, ananisubiri.

Alipata 19 kwa 20. Mvulana mmoja anayezoea kuongoza alipata 18, akaja mezani kwangu na daftari lake kudai nimtendee haki, kwamba huenda nukta zile zimesomwa vibaya. Nilimwita msichana, nikamwambia asome karatasi yake kwa sauti, neno kwa neno, na mvulana afuatilie kwenye daftari lake. Wakabishana juu ya neno “ng'ombe”, nani kaweka ritifaa na nani hakuweka. Wakabishana kwa nguvu kabisa. Nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri, kwa sababu kwa miaka mitatu katika shule hii hakuna mtoto aliyewahi kubishana naye. Walikuwa wanamwonea huruma, wanamshika mkono, wanampa embe. Ubishi hawakuwahi kumpa.

Nije kwa mwalimu. Mashine haikusomei kazi ya mtoto. Usipojua nukta nundu, unachorudishiwa ni karatasi nyeupe yenye vipele. Mwalimu wetu wa elimu maalumu, aliyesomea chuo cha ualimu cha Patandi, ni wa shule nyingine na anakuja kwetu siku mbili kwa wiki. Alikuwa anasoma na kuniandikia kwa wino juu ya nukta. Kazi ya Jumatano narudishiwa Jumatatu, wakati wenzake wameshasahau swali lilikuwa nini. Nikaamua kujifunza mwenyewe. Mimi nasoma kwa macho, sina vidole vile, na siri niliyoigundua ni kusimama karibu na dirisha na kulaza karatasi ili mwanga uje kwa ubavu: kila nukta inatupa kivuli chake kidogo na herufi zinaonekana. Ilinichukua likizo moja.

Alfabeti yenyewe ina mpangilio. Kila herufi inakaa kwenye kiboksi cha nukta sita: 1, 2 na 3 upande wa kushoto kutoka juu kwenda chini, 4, 5 na 6 upande wa kulia. Herufi kumi za kwanza, a mpaka j, zinatumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata ni zilezile, umeongeza nukta ya 3. Kisha unaongeza na ya 6. Inayotoka nje ya mpangilio ni w. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka akiwa mdogo kwa ajali katika karakana ya baba yake, alitangaza mfumo wake mwaka 1829 akiwa na miaka 20, na katika Kifaransa chao w ilikuwa haina kazi. Ilikuja kuchomekwa baadaye. Sisi huku bila w huandiki wewe, wao, wala mwalimu. Nilipowaeleza darasa zima hadithi hii, w ndiyo herufi waliyoishika kwanza, nukta 2, 4, 5 na 6, na siku hizi wakipita karibu na dawati lake wanaipiga kwa vidole juu ya mbao kama salamu.

Kuwafundisha darasa zima halikuwa wazo langu. Anayekaa naye dawati moja alikuwa amekwisha kujifunza kimyakimya kwa kugusa karatasi zilizotupwa. Nilipogundua, nikatenga dakika kumi kila Ijumaa. Sasa kama watoto 20 wanaweza kuandika majina yao kwenye mashine, na tisa wanaweza kusoma sentensi, wengi kwa macho, wawili kwa vidole. Mmoja wa hao wawili ni mtoto wa wafugaji ambaye maandishi ya kawaida yanamsumbua sana. Anasema nukta hazichanganyi b na d. Sijui nilipeleke wapi jambo hili, lakini nimeliandika kwenye daftari langu.

Kasoro zipo, na baadhi ni kubwa.

Kelele kwanza. Kila herufi ni kishindo cha chuma, na dawati letu la mbao linakuwa ngoma. Tulikunja kitenge mara nne tukakiweka chini ya mashine. Kimepunguza sana, hakijamaliza. Darasa la jirani walilalamika mwezi wa kwanza. Hawalalamiki tena.

Karatasi ni tatizo la kila wiki. Haitaki karatasi ya daftari. Nukta zinatoboka au zinalala. Inataka karatasi nene, na karatasi hizo haziuzwi dukani kwetu. Tunatumia manila tunazokata, na kalenda za ukutani za mwaka uliopita. Januari nilitangaza mstarini kwamba kila mwenye kalenda ya zamani nyumbani ailete, zikaja nyingi mpaka zikajaa boksi mbili. Zile zinazong'aa sana zinateleza kwenye rola na mstari unapinda, basi tunazitumia kwa mazoezi, manila tunaziweka kwa mitihani ya ndani. Ukiletewa mashine, siku hiyohiyo uliza karatasi zitatoka wapi, na uulize mbele ya watu.

Hisabati ni nzito. Kujumlisha kwa kupanga tarakimu juu na chini kunawezekana, unarudisha kichwa cha mashine na kuhesabu nafasi, ila hesabu ambayo mwenzake anaimaliza kwa dakika mbili yeye anatumia sita. Michoro haifanyi kabisa. Maumbo tunayatengeneza kwa uzi wa katani uliobandikwa kwa gundi kwenye boksi. Na Baraza la Mitihani, ambalo huwaandalia wasioona karatasi za nukta nundu, huwaongezea muda. Mazoezi ya darasani nayo yanapaswa kwenda hivyohivyo. Mimi nilichelewa kulielewa hilo, nikamkata alama muhula mzima kwa kutomaliza.

Kisha vumbi. Anayeijua Dodoma ya Agosti hana haja ya maelezo. Mashine ilianza kuwa nzito, kitufe cha kidole cha kati cha mkono wa kulia kikawa kinakwama. Nikafanya kosa ambalo nakuomba usilifanye: nilitia mafuta ya alizeti, matone machache, kama tunavyotia kwenye bawaba. Kwa siku mbili ilikuwa laini. Siku ya tatu vumbi na mafuta vimeshikana vikawa kama gundi, na nukta ya 5 ikafa kabisa. Mtoto hakujua, kwa sababu kitufe kilikuwa kinashuka. Aliandika insha fupi kuhusu mkoa wetu. Mwalimu wa elimu maalumu alipopitisha vidole akasimama, akarudia, akaniuliza, “Ckckma ni wapi?” Ondoa nukta ya 5 kwenye d, inabaki c. Iondoe kwenye o, inabaki k. Mtoto alipogusa karatasi yake alianza kulia. Alidhani amesahau kuandika.

Nilimwambia palepale, mbele ya wenzake, kwamba kosa ni langu na mafuta ni yangu.

Ilikwenda kwa fundi, na fundi wa mashine hizi hayupo wilayani kwetu. Ilikaa huko wiki tano. Wiki tano alirudi kwenye kibao na msumari, na hapo nilimshukuru aliyemfundisha kibao kwanza. Fundi alirudisha mashine na maneno mawili: isitiwe chochote na mtu asiyeijua, na ifunikwe kila inapoacha kutumika. Sasa inalala chini ya kitambaa kizito, na kila Jumatatu tunapitisha brashi laini, kavu, ile ya rangi. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza anabonyeza vitufe vyote sita kwa pamoja, mara tano, kisha anagusa. Kila kiboksi kikiwa na nukta sita, ananyanyua kidole gumba kwangu. Fanya hivyo na wewe siku ya kupokea mashine, kabla ya kutia saini.

Kuna jambo la nafasi ya kukaa ambalo halimo kwenye maelekezo ya kiwandani. Dirisha lilinifaa mimi kusoma nukta, kwa hiyo niliweka dawati lake dirishani, mbele. Nikasahau kwamba pale mbele dirishani ndipo alipokuwa anakaa kijana wetu mwenye ualbino, naye mwanga ule wa saa nne unamuumiza macho. Kwa wiki nzima alikuwa anaandika amefumba nusu, hasemi. Dada yake wa darasa la sita ndiye aliyekuja kunieleza. Tulimhamishia upande wa pili, mbele vilevile, penye kivuli, kofia yake pana anavaa hata ndani akitaka, na anaandika kwa kalamu ya wino mzito. Ubao nao nimeacha kuuandika kwa herufi ndogo, na kila ninachoandika nakisema kwa sauti. Huyo asiyeona anafaidi, huyo mwenye uoni hafifu anafaidi, na watoto wa wafugaji, ambao walikuwa wanachora maneno wasiyoyajua yanavyotamkwa, nao wamefaidi. Imla nasoma kila sentensi mara mbili. Nilianza kwa ajili ya mmoja.

Bibi yake alikuja mwezi wa saba. Yeye ndiye mlezi. Shule ya kwanza aliyompeleka, siitaji, walimwambia ampeleke “shule yao.” Alidhani ni sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema kinyume: mtoto ana haki ya kusoma katika shule ya kawaida. Shule maalumu zipo, Buigiri hapa mkoani kwetu imefundisha wasioona kwa miaka mingi, na kwa mtoto mwingine hiyo ndiyo njia inayofaa. Lakini bibi huyu hakuwa anachagua. Alikuwa amefukuzwa.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Nimekuja kuona hicho chuma.”

Tulimketisha kwenye dawati. Mjukuu wake akapachika karatasi, akapiga herufi saba, akaitoa. Akachukua kidole cha shahada cha bibi, kidole cha kulima, kigumu, akakipitisha taratibu juu ya nukta.

“Hapa pameandikwa nini?”

“Jina lako bibi.”

Bibi hajui kusoma. Alirudia mwenyewe kulipitia, mara tatu, nne, akatafuta mwanzo wake na mwisho wake. Akaomba karatasi. Aliikunja akaifunga kwenye pindo la khanga.

Kwa hiyo, je, naipendekeza? Kwa moyo wote, kwa masharti niliyoyasema: ikae darasani na si kabatini, karatasi ziwe na mwenyewe, fundi ajulikane, na mwalimu wa somo ajifunze nukta asimwachie mwalimu mmoja wa elimu maalumu mzigo wa shule tatu. Bei yake hakuna shule ya kijiji itakayoimudu kwa fedha yake, ndiyo maana ni lazima kuiomba halmashauri kwa maandishi, na kuiomba tena. Yetu ilipatikana kwa barua ya tatu.

Barua nyingine nimeipeleka wiki iliyopita. Januari tutapokea darasa la kwanza mvulana wa miaka saba asiyeona, kutoka kijiji cha pili, na mashine tuliyonayo itapanda darasa la tano na mwenyewe. Nilimweleza msichana kuhusu mgeni huyo. Akaniuliza kama anajua nukta. Nikamwambia hajui hata moja. Jana asubuhi, baada ya kubonyeza vitufe vyake vyote sita na kunyanyua kidole gumba, aliniomba nimtafutie trei ya mayai, nikate kipande cha vishimo sita, na mawe madogo sita yasiyo na ncha.

“Vidole vyake vitakuwa bado vidogo, mwalimu,” akasema. “Nitamwanzishia mimi.”